Henry Head: Shahidi wa Maumivu Yake Mwenyewe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hii hukumbusha kwamba mateso ya mtu hayajulikani kwa ukamilifu ila na yule anayeyapata. Kwa mtunzi wa fasihi, ukweli huu ni chemchemi isiyokauka, kwani kazi yake ni kumfanya msomaji ahisi yasiyomfika. Kwa mwanasayansi, ukweli uo huo ni kizingiti. Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, na mapigo ya moyo huhesabiwa kwa saa. Hata hivyo, hakuna chombo kinachoweza kutiwa kwapani mwa mgonjwa kikasoma kiasi cha maumivu yake. Tabibu hana budi kuuliza, na mgonjwa hana budi kujibu. Palipo na kuuliza na kujibu pana lugha, na palipo na lugha pana kuelewana na kutoelewana.

Henry Head, tabibu na mtafiti Mwingereza aliyeishi baina ya mwaka 1861 na 1940, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukabiliana na kizingiti hicho. Jina lake hutajwa hadi leo katika vitabu vya tiba, lakini linakumbukwa zaidi kwa kitendo kimoja. Mnamo mwaka 1903, akiwa na afya njema na bila ya kulazimishwa na yeyote, alikubali kukatwa neva, yaani mishipa ya fahamu, za mkono wake wa kushoto. Nia yake ilikuwa kushuhudia yeye mwenyewe jinsi hisi zinavyopotea na jinsi zinavyorejea. Makala haya yanasimulia maisha ya msomi huyo kwa kuzingatia swali ambalo kitendo chake kinalizua: je, mtu anaweza kuwa shahidi wa maumivu yake na papo hapo akawa hakimu wake?

Malezi na Elimu

Henry Head alizaliwa tarehe 4 Agosti 1861 huko Stoke Newington, kaskazini mwa jiji la London. Jamaa zake walikuwa wa asili ya madhehebu ya Marafiki, maarufu kama Quaker, na baba yake alikuwa mtu wa biashara ya bima. Alipata masomo ya sekondari katika shule ya Charterhouse, kisha akajiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alisomea sayansi na kufuzu kwa alama za juu kabisa.

Badala ya kuingia hospitalini moja kwa moja, kijana huyo alifunga safari hadi Prague, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Huko alifanya utafiti kwa takriban miaka miwili chini ya Ewald Hering, mmojawapo wa mabingwa wa fiziolojia wa Ulaya. Mada yake ilikuwa namna neva zinavyodhibiti upumuaji. Ujuzi alioupata ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, alijifunza nidhamu ya maabara, yaani kupima, kurudia na kuandika. Pili, aliimudu lugha ya Kijerumani, ambayo kwa wakati huo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya maarifa ya fiziolojia.

Aliporejea Uingereza alikamilisha mafunzo ya tiba katika hospitali ya University College, London, na kuhitimu mwaka 1890. Miaka miwili baadaye aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Tasnifu hiyo ilishughulikia matatizo ya hisi, hususan maumivu yanayotokana na maradhi ya viungo vya ndani ya mwili. Hapo ndipo alipoichagua njia ambayo hakuiacha tena.

Ramani Iliyochorwa Juu ya Ngozi

Matabibu wa kale walikuwa wameona jambo la ajabu. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo hulalamika kuwa anaumwa na mkono wa kushoto, ilhali mkono huo hauna jeraha wala uvimbe. Mwenye maradhi ya nyongo huweza kuhisi maumivu begani. Je, mgonjwa huyo anasema uongo, au mwili wake ndio unaosema kwa mafumbo?

Head aliwapima wagonjwa kwa uvumilivu mwingi. Kwa kutumia kichwa cha pini alipita juu ya ngozi zao, akiandika kila mahali palipokuwa na wororo usio wa kawaida. Aligundua kuwa kila kiungo cha ndani kina eneo lake la ngozi ambalo huuma kinapougua. Matokeo hayo aliyachapisha baina ya mwaka 1893 na 1896 katika jarida la Brain, ambalo baadaye alikuja kuwa mhariri wake. Maeneo hayo yanaitwa kanda za Head hadi leo. Maelezo yake ni kwamba neva zitokazo kwenye kiungo cha ndani na zile zitokazo kwenye ngozi huingia katika uti wa mgongo kwa kiwango kimoja, na hivyo ubongo huweza kukosea kuhusu chanzo cha ujumbe. Mgonjwa, basi, hakuwa mwongo. Maneno yake yalihitaji kufasiriwa tu.

Mwaka 1899 Head alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake A. W. Campbell walichapisha utafiti kuhusu ugonjwa ambao Waswahili huuita mkanda wa jeshi. Ugonjwa huo huleta malengelenge na maumivu makali yanayozunguka upande mmoja wa mwili kama mshipi. Inafaa kutaja hapa kuwa jina la Kigiriki linalotumiwa na matabibu, zoster, nalo lina maana ya mkanda. Lugha mbili zisizo na udugu ziliangalia ngozi moja zikaona taswira moja.

Head na Campbell waliwachunguza wagonjwa waliofariki wakiwa na ugonjwa huo, wakapata kuwa vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo vilikuwa vimeharibika. Kila kifundo kilichoharibika kililingana na ukanda wake wa malengelenge. Kwa njia hiyo ugonjwa wenyewe ulichora ramani inayoonyesha ni ngozi ipi inahudumiwa na neva ipi. Baadaye sayansi ilibainisha kuwa chanzo ni kirusi cha tetekuwanga, ambacho hujificha katika vifundo hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuamka tena.

Uamuzi wa Mwaka 1903

Kufikia wakati huo Head alikuwa akifanya kazi katika London Hospital, iliyoko Whitechapel, mashariki mwa jiji. Hilo lilikuwa eneo la wafanyakazi wa viwanda na bandari, watu waliokatwa na vioo, visu na mashine kila siku. Pamoja na James Sherren, daktari wa upasuaji, Head aliwachunguza wagonjwa waliokatika neva za mikono. Walitaka kujua ni hisi gani hupotea neva inapokatika na ni zipi hurejea kwanza inaposhonwa.

Hapa ndipo kizingiti kilipojitokeza waziwazi. Wagonjwa hao walikuwa na shida zao na kazi zao. Hawakuweza kukaa kitako kwa saa nyingi wakidungwa sindano ili kukidhi udadisi wa mtaalamu, wala haikuwa haki kuwataka wafanye hivyo. Waliweza kusema kuwa wanahisi au hawahisi. Lakini walipoulizwa hisi hiyo ilikuwa ya namna gani, imeanzia wapi na imeishia wapi, majibu yao yalipungukiwa. Isitoshe, hakuna aliyeweza kujua ngozi ya mgonjwa ilikuwaje kabla ya jeraha.

Head aliamua kuwa shahidi aliyehitajika ni yule aliyefunzwa kuzichunguza hisi zake, na hakuona wa kumtwika mzigo huo ila yeye mwenyewe. Tarehe 25 Aprili 1903, akiwa na umri wa miaka 41, alifanyiwa upasuaji karibu na kiwiko cha mkono wa kushoto. Neva mbili zinazoihudumia ngozi ya kigasha na ya mgongo wa kiganja kwa upande wa kidole gumba zilikatwa, kisha ncha zake zikaunganishwa kwa nyuzi za hariri. Neva zinazoendesha misuli hazikuguswa. Mkono ungeweza kufanya kazi, ila sehemu ya ngozi yake ingekuwa imekufa ganzi.

Ikumbukwe kuwa Head hakuwa kijana asiye na la kupoteza. Alikuwa tabibu anayeitegemea mikono yake, na alikuwa karibu kufunga ndoa na Ruth Mayhew, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Brighton na baadaye mwandishi wa riwaya. Walioana mwaka 1904, mkono ukiwa bado unachunguzwa.

Chumba Kimoja Mjini Cambridge

Shahidi alihitaji wa kumhoji. Kazi hiyo aliifanya W. H. R. Rivers, mwanasaikolojia na mwanaanthropolojia wa Chuo cha St John's, Cambridge. Rivers alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliosafiri mwaka 1898 hadi visiwa vya mlangobahari wa Torres, baina ya Australia na New Guinea, ili kuzipima hisi za wenyeji wa huko. Alikuwa mtu makini, asiyeharakisha hitimisho.

Kwa zaidi ya miaka minne, kuanzia 1903 hadi mwishoni mwa 1907, Head alisafiri mara kwa mara kutoka London hadi kwenye vyumba vya Rivers. Siku walizozitumia kwa uchunguzi zilifikia 167. Head aliketi amefumba macho, mkono wake ukiwa mezani. Rivers aliugusa kwa pamba, kwa pini, kwa nywele ngumu zilizopimwa nguvu, kwa ncha mbili za bikari, na kwa mirija ya kioo yenye maji ya joto au ya barafu. Head alisema alichohisi, naye Rivers akaandika.

Taratibu walizojiwekea zinastahili kuzingatiwa na kila mtafiti, awe wa maabara au wa nyanjani. Waligundua mapema kuwa swali, hata likiwa jepesi, hubeba ndani yake dokezo la jibu. Kwa hiyo Rivers hakuuliza swali lolote hadi mfululizo mzima wa majaribio ulipomalizika. Aidha, waligundua kuwa mlio wa barafu ikigonga kioo, au wa birika likiondolewa motoni, ulitosha kumtayarisha Head ahisi baridi au joto kabla hajaguswa. Hivyo Rivers aliandaa vyombo vyote mapema na kuyachanganya maji kimyakimya. Vilevile, uchovu wa safari ulibadilisha majibu, na ilibidi Head apumzike kwanza. Watu wawili wasomi walikuwa wakijifunza jinsi ilivyo vigumu kupata neno safi kutoka kwa mwenye kuhisi, hata anapokuwa mkweli na mwenye nia njema.

Hisi Ghafi na Hisi Pambanuzi

Jambo la kwanza lilibainika mara tu baada ya upasuaji. Ngozi iliyopoteza neva haikuhisi pamba, wala pini, wala joto, wala baridi. Hata hivyo, ilipobonyezwa kwa kidole, Head alijua kuwa anabonyezwa na aliweza kuonyesha mahali. Kumbe chini ya ngozi mlikuwa na hisi nyingine, inayosafiri pamoja na neva za misuli. Wataalamu hao waliiita hisi ya kina.

Baada ya majuma kadhaa, ngozi ilianza kuamka, lakini haikuamka jinsi ilivyolala. Kwanza ilirejea hisi ya ajabu. Pini ilipochoma, maumivu hayakuwa ya nukta moja. Yalitawanyika, yakazidi ukali wa kichocheo chenyewe, na mara nyingine yakahisiwa mahali pengine kabisa. Baridi kali na joto kali vilihisiwa, lakini uvuguvugu haukuhisiwa. Malaika wa mkono, yaani zile nywele laini za mwili, walipopapaswa, ulizuka msisimko uliosambaa usio na mahali maalumu. Hisi hii ilisema kuna jambo, na kwamba jambo hilo linaudhi. Haikusema ni nini wala liko wapi.

Hisi ya namna ya pili ilirejea polepole zaidi. Hii ndiyo iliyotambua mguso wa pamba, iliyotofautisha ncha mbili za bikari na ncha moja, na iliyopima tofauti ndogo za joto. Iliporejea, ile ya kwanza ilipungua ukali wake, kana kwamba mgeni mwenye adabu ameingia na kumtuliza mwenye nyumba mwenye hasira.

Head na Rivers walizitafutia hisi hizo majina katika lugha ya Kigiriki. Ya kwanza waliiita protopathi, na ya pili epikritiki. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita hisi ghafi na hisi pambanuzi. Kwa mujibu wa nadharia yao, hisi hizo zilikuwa na mifumo miwili tofauti ya neva. Mfumo ghafi ulikuwa wa zamani zaidi katika historia ya viumbe, nao mfumo pambanuzi ulikuja baadaye na kuutawala. Ripoti kamili ilichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Brain, na ikawa gumzo miongoni mwa wataalamu.

Mahakamani kwa Wenzake

Nadharia yenye mvuto haikosi kupingwa. Mwaka 1909, madaktari wawili wa upasuaji wa London, Wilfred Trotter na Hugh Morriston Davies, walichapisha matokeo ya majaribio waliyojifanyia wenyewe. Nao walikatwa neva kadhaa za ngozi, lakini hawakuona hatua mbili zilizotengana kama alivyoeleza Head. Mwaka 1916, mwanasaikolojia Mmarekani Edwin Boring naye alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya juu ya mkono wake. Aliona hisi zikirejea hatua kwa hatua bila ya mipaka mikali baina ya aina moja na nyingine. Mwaka 1942, miaka miwili baada ya kifo cha Head, F. M. R. Walshe aliishambulia nadharia hiyo vikali katika jarida lile lile la Brain.

Pingamizi hizo zinagusa kiini cha suala. Head alikuwa mtu mmoja, mwenye mkono mmoja na jeraha moja. Aliyehisi ndiye aliyekuwa na nadharia, na aliyekuwa na nadharia ndiye aliyetoa ushahidi. Rivers aliondoa mlio wa barafu chumbani, lakini hakuweza kuyaondoa matarajio yaliyokuwa ndani ya Head. Shahidi alikuwa amefunzwa vizuri mno, na mafunzo yenyewe yalimwonyesha kitu cha kutafuta.

Fauka ya hayo, nadharia yenyewe ilibeba fikra za enzi yake. Kuzigawa hisi katika zile za kale na zile za juu kulilandana na desturi ya wasomi wa Ulaya ya kuwapanga binadamu katika ngazi. Katika msafara ule ule wa mwaka 1898, William McDougall, mwenzake Rivers, aliwapima wenyeji wa visiwa vya Torres na kudai kuwa uwezo wao wa kuhisi maumivu haukufikia hata nusu ya ule wa Waingereza. Dai kama hilo halikuwa jambo la maabara tu. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakitawala sehemu kubwa ya dunia, na kusema kuwa mtu haumii sana ni hatua moja kabla ya kusema kuwa anaweza kuumizwa. Head aliona kuwa mgonjwa wa Whitechapel hana maneno ya kutosha kueleza maumivu yake, akaamua kusema yeye. Mwenyeji wa Torres alipimwa kwa kipimo alichobuniwa na wageni, waliomfikia kwa lugha isiyokuwa yake, kisha ukimya wake ukaandikwa kuwa ni kutohisi. Mambo hayo mawili yana tofauti kubwa, lakini yote yanathibitisha kuwa sayansi ya maumivu haiwezi kutenganishwa na swali la nani anapewa nafasi ya kusema.

Hata hivyo, si haki kuutupa mti wote kwa sababu ya tawi moja. Utafiti wa Joseph Erlanger na Herbert Gasser, waliotunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1944, ulionyesha kuwa neva zina nyuzi za unene na kasi mbalimbali. Nyuzi nyembamba hupeleka maumivu polepole, na zilizo nene hupeleka mguso kwa haraka. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kuwa katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, ambapo ujumbe wa mguso huweza kuupunguza ujumbe wa maumivu. Ndiyo maana mtoto akijigonga huyasugua maumivu yake bila ya kufundishwa. Mwaka 2021, David Julius na Ardem Patapoutian walitunukiwa tuzo ya Nobel kwa kugundua vipokezi vya joto na vya mguso katika chembe za mwili. Mifumo miwili ya Head haikuthibitishwa kama alivyoichora, lakini wazo lake kuwa hisi moja huweza kuizuia nyingine, na kuwa ngozi ina lugha zaidi ya moja, limedumu.

Waliopotewa na Maneno

Baada ya ripoti ya mwaka 1908, Head aligeukia ubongo. Mwaka 1911, yeye na Gordon Holmes walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa ambao ubongo wao ulikuwa umeumia kwa ndani, na ambao mguso mwepesi kwao uligeuka mateso. Katika utafiti huo waliibua dhana ya skima ya mwili, yaani picha ambayo ubongo hujichorea kuhusu mahali viungo vilipo. Dhana hiyo ingali inatumiwa na wanasaikolojia na wanafalsafa.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimletea wagonjwa wa aina nyingine. Walikuwa maafisa vijana wa jeshi waliojeruhiwa kichwani, ambao akili zao zilikuwa timamu lakini lugha imewaponyoka. Head aliwatungia mitihani midogo: kutaja rangi, kusoma saa, kuchora ramani ya chumba, na kuigiza mkono wa mtahini unapogusa jicho au sikio. Hakuridhika na desturi ya kuchora michoro ya ubongo na kuandika neno moja katika kila kisanduku. Alitaka kujua ni katika hali gani mtu hushindwa, na katika hali gani huweza. Matokeo yalitoka mwaka 1926 katika kitabu chenye majuzuu mawili kuhusu afasia. Humo aliugawa upotevu wa lugha katika aina nne: wa umbo la maneno, wa sintaksia, wa majina, na wa maana. Uainishaji huo nao ulipingwa baadaye, lakini mwanaisimu yeyote ataona kuwa Head aliuangalia ugonjwa kwa jicho linalojali lugha.

Hilo halishangazi, kwani tabibu huyo alikuwa pia mshairi. Mwaka 1919 alichapisha diwani iitwayo Destroyers and Other Verses. Alikuwa na marafiki miongoni mwa waandishi wa kizazi cha vita, akiwemo Siegfried Sassoon, ambaye Rivers alikuwa amemtibu mwaka 1917. Mwandishi Virginia Woolf alipelekwa kwake kwa ushauri wa kitabibu mwaka 1913. Kwa sadfa, mwaka 1926, ambao kitabu cha afasia kilitoka, ndio mwaka ambao Woolf alichapisha insha iliyolalamikia umaskini wa lugha ya Kiingereza katika kueleza maradhi na maumivu. Tabibu na mwandishi walifika kwenye mlango mmoja, kila mtu kwa njia yake.

Miaka ya Mwisho

Wakati kitabu hicho kikitoka, mwandishi wake alikuwa tayari mgonjwa. Ugonjwa wa Parkinson, unaoikaza misuli na kuitetemesha mikono, ulimlazimisha kuacha kazi ya hospitali akiwa bado na mengi ya kufanya. Mwaka 1927 alipewa cheo cha Sir na Mfalme wa Uingereza, lakini heshima hiyo ilimkuta akiwa amejitenga shambani pamoja na mkewe. Mtu aliyewahi kuikata neva yake kwa hiari sasa aliona mwili ukimtoka bila ya hiari, na safari hii hapakuwa na tarehe ya kurejea kwa hisi wala kwa nguvu. Ruth, aliyemtunza kwa miaka mingi, alimtangulia mwaka 1939. Henry Head aliaga dunia tarehe 8 Oktoba 1940 mjini Reading. Hawakujaliwa mtoto.

Hitimisho

Maisha ya Henry Head yanajibu swali la utangulizi kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, yanaonyesha kuwa bila ya ushahidi wa mwenye kuumia hakuna elimu ya maumivu. Mambo aliyoyaona katika mkono wake hayangeonekana na mtu mwingine yeyote. Kwa upande mwingine, yanaonyesha kuwa ushahidi huo, hata utolewe na mtu mkweli aliyefunzwa, hautoshi kuwa hukumu. Hukumu ilihitaji mikono mingine na miaka mingine, pamoja na wapinzani waliothubutu kujikata wenyewe ili kumkosoa.

Mwaka 1975, Melzack aliyetajwa hapo juu alitunga hojaji ya maumivu iitwayo hojaji ya McGill, yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, ili mgonjwa achague linalomfaa. Hatimaye tiba ilikiri kuwa msamiati ni chombo cha uchunguzi. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hapo pana kazi. Kiswahili kina kichwa kinachowanga, tumbo linalosokota, jipu linalopwita, koo linalokereketa, kidonda kinachofukuta, mbavu zenye kichomi, ngozi yenye mwasho na mguu uliokufa ganzi. Kila neno kati ya hayo ni ushahidi wa watu waliozichunguza hisi zao kabla ya maabara kujengwa. Maneno ya namna hiyo yakikusanywa na kupangwa kwa makini, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, mgonjwa anayezungumza Kiswahili hatahitaji kukatwa neva wala kujifunza Kigiriki ili aaminiwe. Atahitaji tu kuulizwa kwa lugha yake, na mwulizaji anyamaze hadi amalize kujibu.